Enzi Haisaini Mkataba

Kuna sentensi moja nimeichoka. Husemwa polepole, kwa sauti ya mtu mzima anayemtuliza mtoto: "Lakini pia muelewe, enzi zile mambo yalikuwa hivyo."

Mara ya mwisho niliisikia sebuleni kwa rafiki yangu, Jumamosi usiku. Tulikuwa watu wanne kwenye kochi la watu watatu, kompyuta juu ya stuli, na intaneti ilikuwa imeshakatika mara mbili kabla hatujafika katikati ya filamu. Filamu yenyewe ni The Toll of the Sea, ya mwaka wa 1922. Ni filamu bubu: sauti ya mtu haisikiki, maneno yanaandikwa kwenye kiwambo, na mwigizaji analazimika kusema kila kitu kwa uso na mabega. Lakini ina rangi, nyekundu na kijani zilizokolea ajabu, kwa sababu ni mojawapo ya filamu ndefu za kwanza kabisa kutengenezwa kwa Technicolor.

Hadithi yake ni fupi. Msichana wa Kichina aitwaye Lotus Flower anamwokoa Mmarekani aliyetupwa ufukoni na bahari. Wanapendana. Mmarekani anaahidi mengi, kisha anapanda meli na kwenda zake. Anaporudi baada ya miaka kadhaa, ana mke mweupe ubavuni. Lotus Flower anawakabidhi mtoto wake wa kiume, anashuka hadi ufukoni, anajitoa kwa bahari. Aliyemwigiza alikuwa na miaka 17. Jina lake Anna May Wong.

"Zii!" rafiki yangu akaruka. "Stelingi anakufaje?"

Kelele yake ilikuwa ya haki. Wengi wetu tulilelewa na vibanda vya video, tukibanana kwenye benchi la mbao, na mle ndani sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kuangushwa kutoka ghorofani, kufungwa kamba na kuachwa mtoni, lakini mwisho wa filamu lazima asimame. Sasa huyu dada ni stelingi wa aina gani? Ndipo msee mmoja kati yetu, tena aliyesoma, akashusha sentensi yake. Enzi zile mambo yalikuwa hivyo. Watazamaji hawakuwa tayari. Tusihukumu zamani kwa macho ya leo.

Nilimjibu usiku uleule, lakini kwa kelele, na kelele si jibu. Jibu langu ni hili.

Enzi haina mkono. Haiwezi kushika kalamu. Kila mlango uliofungwa mbele ya Anna May Wong ulifungwa na mtu mwenye ofisi na mshahara, na mara nyingi alikuwa na chaguo jingine palepale mezani. Tukisema "ni enzi", tunawafichia majina watu hao. Tunawasamehe kwa niaba ya mtu ambaye hatukumuuliza.

Tuanze na yeye ni nani. Alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, akaitwa Wong Liu Tsong. Baba yake alikuwa dobi mwenye duka lake, na baba huyo naye alizaliwa California. Yaani huyu ni Mmarekani aliyezaliwa na Mmarekani. Akiwa mtoto alikuwa akitoroka shule kwenda sinema, akajichagulia mwenyewe jina la usanii kabla hata hajabalehe vizuri, na mwaka wa 1919, akiwa na miaka 14, akapata nafasi ya kusimama kwenye umati katika The Red Lantern. Miaka mitatu baadaye alikuwa amebeba The Toll of the Sea mabegani peke yake. Wakosoaji wakamsifu. Watu wakalipa tiketi.

Mwigizaji mweupe akifanya hivyo akiwa na miaka 17, kesho yake anapewa filamu nyingine aibebe. Yeye alipewa nini? Mwaka wa 1924 alikuwa kijakazi wa Kimongolia, tena jasusi, katika The Thief of Bagdad ya Douglas Fairbanks, nguo chache mwilini. Watu walimkumbuka kuliko wengi waliopewa nafasi kubwa kumzidi. Lakini alibaki kijakazi.

Halafu yakaja yale ambayo hata mtetezi wa enzi hupata kigugumizi kuyaeleza. Mwaka wa 1927 studio ya MGM ilitengeneza Mr. Wu. Hadithi inahusu baba Mchina na binti yake. Baba akaigizwa na Lon Chaney, mzungu. Binti akaigizwa na Renée Adorée, Mfaransa. Anna May Wong, binti halisi wa familia ya Kichina, aliyekwisha kubeba filamu nzima, akawekwa pembeni. Mwaka uliofuata ikaja The Crimson City: msichana wa Kichina ni Myrna Loy, aliyezaliwa Montana, na Anna May Wong yuko tena pembeni.

Tafakari siku moja tu ya kazi hiyo. Unafika asubuhi. Mwenzako ameketi mbele ya kioo, anapakwa rangi na kurekebishwa macho ili afanane na wewe. Inachukua muda. Wewe uko tayari, umefika na uso wako. Kisha mnaingia mbele ya kamera na yeye ndiye mhusika mkuu.

Hapo enzi ilifanya kazi gani? Haikulazimisha lolote. Uso uliotakikana ulikuwa chumbani. Kuna mtu aliuangalia, akauruka, akalipia rangi.

Najua jibu litakalofuata: watazamaji. Eti mzungu wa miaka ya 1920 asingemkubali mtu wa Asia kama staa. Hii ndiyo sehemu ninayokasirikia zaidi, kwa sababu ni uongo ulio rahisi kuupima. Mwaka wa 1915, miaka saba kabla ya The Toll of the Sea, mwigizaji Mjapani Sessue Hayakawa aliigiza katika The Cheat ya Cecil B. DeMille na kuwa kipenzi cha wanawake Marekani nzima. Alipata nguvu kiasi kwamba mwaka wa 1918 alianzisha kampuni yake ya filamu. Watazamaji walewale, pesa zilezile, nchi ileile. Tayari walikuwa wameshaonyesha wako tayari.

Anna May Wong naye alijaribu njia hiyo. Mwaka wa 1924 alianzisha kampuni yake mwenyewe ili atengeneze filamu za hekaya za Kichina. Mshirika wake akagundulika si mwaminifu, mambo yakafika mahakamani, kampuni ikavunjika. Kwa hiyo usiniambie alikaa akingoja kuonewa huruma.

Mwaka wa 1928 alichoka, akapanda meli kwenda Ulaya. Ujerumani, mwelekezi Richard Eichberg akampa nafasi kuu katika filamu ya Song. Berlin ikamkubali. Walter Benjamin, mwandishi ambaye leo wanafunzi wa chuo wanavunjika kichwa kumsoma, alikwenda kumhoji na kuandika juu yake mwaka huohuo. Kisha London, mwaka wa 1929, akaigiza katika Piccadilly ya E. A. Dupont. Humo ni Shosho, msichana wa kuosha vyombo kwenye klabu ya matajiri. Wenzake wa kazi wanamtazama akicheza juu ya meza, pale kwenye chumba cha sinki na mvuke, na bosi akiingia anasahau alichokuja kufanya. Jina la kwanza kwenye tangazo la filamu lilikuwa la Gilda Gray. Ukiitazama leo utamtafuta Gilda Gray kwa tochi.

Alijifunza Kijerumani na Kifaransa, na filamu yake ya kwanza ya sauti, mwaka wa 1930, ilitengenezwa kwa lugha tatu, Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, yeye mwenyewe akiigiza zote. Wakosoaji wa London walipoicheka lafudhi yake ya Kimarekani jukwaani, alimlipa mwalimu akajifunza Kiingereza cha makabaila. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa asiye na uwezo.

Lakini sitaki kuipamba Ulaya. Katika Song anakufa. Katika Piccadilly anapigwa risasi. Anapokaribia kumbusu bosi wake mzungu, picha inakatwa kabla midomo haijakutana. Ulaya ilimpa jina kubwa kwenye mabango, kisha ikamuua kama Hollywood ilivyomuua. Tofauti ni kwamba ilithibitisha hesabu: ukimweka mbele, watu wanakuja. Basi hoja ya biashara imekufa hapo. Wakuu wa Hollywood walijua, maana magazeti ya Ulaya yalifika hadi kwao.

Sasa tuzungumzie sheria, kwa sababu mtetezi wa enzi akishindwa na biashara hukimbilia sheria. Ni kweli, sheria zilikuwepo na zilikuwa mbaya. Tangu mwaka wa 1882 Marekani ilikuwa na sheria ya kuwazuia Wachina kuingia nchini, na haikufutwa hadi 1943. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, alipotaka kusafiri nje ilimbidi ajaze fomu maalumu ya serikali ili aruhusiwe kurudi kwao. California ilikataza mzungu na Mchina kuoana hadi mwaka wa 1948, mahakama kuu ya jimbo ilipoitupa sheria hiyo. Yote haya nayakubali.

Lakini hakuna sheria kati ya hizo iliyosema Mchina asiigize kama Mchina. Na ule mwongozo maarufu wa maadili ambao studio zenyewe zilijiandikia mwaka wa 1930? Ulikataza mapenzi kati ya mzungu na mtu mweusi. Ndivyo ulivyoandikwa. Wachina hawakutajwa katika kifungu hicho. Ni wenye studio waliokivuta kikawafika na hao. Katazo lenyewe lilikuwa la aibu, na bado kuna watu walioona halitoshi, wakaliongezea urefu. Hilo nalo utaliita enzi?

Hundi pia husainiwa. Mwaka wa 1931 aliigiza katika Daughter of the Dragon kama binti wa Fu Manchu. Yeye ndiye nguzo ya filamu. Alilipwa dola 6,000. Fu Manchu aliigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, anayekufa mapema na kuiacha filamu iendelee bila yeye. Alilipwa dola 12,000. Kuna mhasibu alizipiga nambari hizi, na bosi akazipitisha.

Tufike kwenye kidonda chenyewe. Pearl S. Buck alichapisha The Good Earth mwaka wa 1931, riwaya kuhusu mkulima wa China, Wang Lung, na mkewe O-Lan. MGM wakainunua ili watengeneze filamu. Kila mtu aliyemfahamu Anna May Wong alijua anaitaka nafasi ya O-Lan. Alikuwa na miaka thelathini hivi, uzoefu wa zaidi ya miaka 15, na jina linalojulikana mabara mawili. MGM wakampa nafasi ya Wang Lung mzungu Paul Muni. Na kwa kuwa mume sasa ni mzungu aliyepakwa rangi, ikawa "haiwezekani" mke awe Mchina halisi, maana kamera itaonyesha mzungu na Mchina kama mume na mke.

Isome tena polepole. Walijifungia mlango wenyewe, wakaumeza ufunguo, kisha wakatoka nje kulalamika kwamba mlango haufunguki.

O-Lan akapewa Luise Rainer, Mjerumani, na akaondoka na tuzo ya Oscar. Kwa Anna May Wong kilichotajwa ni Lotus, yule mke wa pili anayeivuruga nyumba. Akakataa. Alisema wazi kwamba hataki kuwa yeye, mwenye damu ya Kichina, anayeigiza mtu mbaya huku wahusika wema wa Kichina wakiigizwa na Wamarekani weupe. Nafasi hiyo ikaenda kwa Tilly Losch, mcheza dansi kutoka Austria.

Wapo wanaosema angeichukua tu. Nafasi ndogo ni bora kuliko kukosa, mkono mtupu haulambwi. Wapo pia wanaomrushia jiwe kutoka upande wa pili: si aliigiza makahaba na majasusi miaka yote? Leo heshima imetoka wapi? Alipoitembelea China mwaka wa 1936 alikutana na lawama hizohizo. Marekani walimwona Mchina mno, China wakamwona Mmarekani aliyewachafulia jina.

Mimi nasema hivi. Anayekula kwa jasho lake hana anasa ya kuchagua kila siku. Alichukua zilizokuwepo na akazifanya kubwa kuliko zilivyoandikwa. Tazama Shanghai Express ya 1932, hasemi mengi, lakini kila Marlene Dietrich akiwa karibu naye jicho lako linagawanyika. Mwaka wa 1933 alilalamika hadharani, katika jarida la Uingereza, kwamba Mchina wa kwenye sinema kila mara ni mwovu. Kwa hiyo alipoikataa Lotus hakuwa ameota heshima usiku mmoja. Na hapa ndipo hoja ya enzi inapovunjika kabisa: yeye naye aliishi katika enzi hiyohiyo. Alipumua hewa ileile na wakuu wa MGM. Akaona ubaya, akautaja, akalipa gharama. Kama enzi iliwapofusha wote, yeye aliona kwa macho gani?

Ukisema watu wa zamani hawakujua, unamaanisha watu gani? Waliofungiwa nje walijua kabisa.

Alifariki Februari 3, 1961, akiwa na miaka 56, baada ya filamu zaidi ya 50. Alikuwa amepangiwa kuigiza katika Flower Drum Song, ugonjwa ukawahi. Miaka kumi kabla alikuwa na mfululizo wake wa televisheni, wa kwanza Marekani kuongozwa na mwigizaji mwenye asili ya Asia. Hakuna nakala iliyobaki.

Mwaka wa 2022 serikali ya Marekani ilitoa sarafu yenye uso wake, ya kwanza nchini humo kubeba uso wa Mmarekani mwenye asili ya Asia. Mitandao ikafurahi. Mimi pia nilifurahi kwa dakika kadhaa. Kisha nikatazama thamani yake: senti 25. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sidhani walimaanisha kumlipa mdeni aliye kaburini kwa robo dola.

Siipingi sarafu. Napinga kinachoandamana nayo, zile makala na hotuba zinazosema alishinda "ubaguzi wa wakati wake", kana kwamba ubaguzi ulikuwa mvua iliyonyesha California ikamlowesha yeye na MGM sawasawa. Sherehe isiyomtaja aliyekosea ni ya kumfariji aliyekosea. Uso wake tumeuweka kwenye chuma. Nani aliuruka chumbani, hakuna anayesema.

Na msidhani nayasema haya kwa ajili ya wafu tu. Wengi mnaosoma hapa mnaandika, mnapiga picha, mnaigiza, mnakwenda kwenye majaribio na kurudi na jibu kwamba "soko halijawa tayari". Tabia ya kuiita saini ya mtu "soko" au "enzi" haikufa pamoja na filamu bubu. Miaka hamsini ijayo kutakuwa na kijana kwenye kochi atakayetutetea sisi vilevile: enzi zile za 2020 na kitu mambo yalikuwa hivyo. Natumaini atazomewa.

Turudi sebuleni. Filamu ile ina kisa chake cha mwisho. Sehemu yake ya kumalizia ilipotea. Watu wa maktaba ya filamu ya chuo kikuu cha California, Los Angeles, walipoifufua mwaka wa 1985, walichukua kamera ya zamani ya Technicolor, wakaenda ufukoni, wakapiga bahari jua likizama ili kuziba pengo. Kwa hiyo yale maji tunayoyaona mwishoni ni machanga kuliko filamu kwa zaidi ya miaka 60. Msichana mwenyewe hayumo.

"Yaani hatumwoni akifa?" rafiki yangu akauliza.

Hatumwoni.

"Basi stelingi hajafa."

Tulicheka, hata yule msee wa enzi alicheka, tukafunga kompyuta. Lakini nilikuwa na swali nililotaka kumwachia, na sasa nawaachia nyote. Mara nyingine mtu akikuambia kwa upole kwamba enzi zile mambo yalikuwa hivyo, usibishane naye kuhusu enzi. Mwulize nani alisaini.